Hasamba, na Uzito Tuliokwenda Nao



Mara nyingi wasafiri hutuletea habari za miji mikubwa, misikiti yake na maulamaa wake. Leo twaomba ruhusa tuwaeleze safari fupi ya kwenda mahali padogo ambapo jina lake si wengi walijualo: Hasamba, pande za Vwawa, katika mkoa wa Songwe. Hatukwenda huko kwa matembezi. Tulikwenda kuzika. Lakini mtu huweza kwenda kuzika akarudi na jambo la kumfaa maishani mwake, na kwa kuwa jambo lenyewe lahusu nyumba nyingi za Waislamu siku hizi, tumeona si vyema kulificha, ingawa ndani yake mna aibu yetu wenyewe.

Sisi twakaa Tunduma, nasi tumekuwa mwalimu wa madrasa hapo kwa miaka zaidi ya 20. Tunduma ni mlango wa nchi. Hapo ndipo Tanzania ikutanapo na Zambia, na malori yaendayo Zambia na Kongo hupita usiku na mchana. Na penye madereva wengi hapakosi wapishi. Ukitoka msikitini baada ya sala ya Isha utapita penye chipsi mayai, nyama choma, maandazi, na chai ya maziwa iliyokolea sukari. Kwa muda mrefu sisi hatukupita tu, bali tulikaa. Tena wazazi wa wanafunzi ni wakarimu. Kila hitima, kila akika na kila maulidi tulitangulizwa penye sinia, na kukataa tuliona ni kuvunja heshima. Tulipotimiza miaka 50 mizani ilitupima kilo 112, na kimo chetu si kirefu. Safari ya kwenda madrasa, ambayo ni mwendo wa robo saa tu, tuliifanya kwa bodaboda.

Habari ya msiba ilitufikia alfajiri moja ya mwezi wa Julai. Kaka yetu mkubwa, aliyehamia Hasamba zamani kwa ajili ya kilimo cha kahawa, akaoa huko na kuzaa huko, alikuwa amefariki dunia usiku ule. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka tisa, na miaka miwili kabla ya kufa kwake alikatwa mguu chini ya goti. Umbo lake na letu ni la nyumba moja. Waliotuona tumeketi pamoja walituambia kwamba tu mapacha, isipokuwa yeye alikuwa ametangulia kidogo katika kila jambo.

Tukapanda gari dogo la abiria. Kutoka Tunduma barabara kuu hupita Mpemba, kisha hukata nyanda za juu za Mbozi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo hupita katika nchi hii ikitoka Zambia kuelekea Dar es Salaam. Julai ni wakati wa baridi kali pande hizi, na ndio wakati wa mavuno ya kahawa. Kutoka dirishani tuliona mashamba yenye buni nyekundu, wanawake wenye vikapu viunoni, na vichanja vya kuanikia vikiwa vimetandazwa buni juani. Tulishuka Vwawa, mji ambao ni makao makuu ya mkoa wa Songwe tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na kutoka hapo tukachukua pikipiki mpaka Hasamba. Njiani tuliwapita watu wengi waliokuwa wakienda msiba ule ule kwa miguu. Miongoni mwao walikuwamo wazee waliotuzidi umri kwa miaka 20. Walitupungia mkono, nasi tukawapungia, huku vumbi letu likiwafunika.

Hasamba ni nchi ya udongo mwekundu, migomba, mahindi, maharage na kahawa. Wenyeji wake ni Wanyiha, watu wa kazi na wenye upole kwa mgeni. Waislamu si wengi, lakini siku ya msiba hapaulizwi dini ya mtu. Majirani wasio Waislamu walikuwa wamekwisha leta kuni, maji na mahindi, na vijana wao wamekwisha saidia kuchimba kaburi kabla hatujafika.

Baada ya sala ya Adhuhuri tulimswalia marehemu, kisha jeneza likainuliwa. Makaburi yako juu ya mwinuko, na njia ya kwendea ni nyembamba, ikipita katikati ya mibuni. Ninyi mwajua desturi yetu: watu hupokezana jeneza ili kila mmoja apate fungu lake la thawabu. Sisi tuliingiza bega letu. Hatukufika hatua 30. Pumzi zilikatika, miguu ikatetemeka, na kijana mmoja akatupokea bila ya kusema neno. Tulifuata nyuma kabisa, pamoja na watoto.

Tulipofika kaburini, aliyesimamia mazishi akaita: “Ndugu wa marehemu ateremke.” Ndugu wa tumbo moja aliyebaki duniani ni sisi. Tukavua viatu, tukakunja kanzu, tukaketi ukingoni. Udongo wa ukingo ukaanza kumeguka chini yetu na kuangukia ndani. Magoti yalikataa kukunjika. Tulipojaribu tena, mzee mmoja mwenyeji, ambaye ni mkwe wa kaka yetu, alitushika mkono akatuambia kwa sauti ya chini: “Maalim, waachie vijana.” Basi wapwa wetu wawili na jirani mmoja wakateremka. Sisi tulisimama juu, tukiitazama mikono ya watu wengine ikimpokea na kumlaza katika mwanandani mtu aliyetubeba mgongoni tulipokuwa watoto.

Hakuna aliyetulaumu siku ile. Huenda hakuna hata aliyekumbuka jambo lile kesho yake. Lakini sisi hatukuweza kulisahau.

Usiku watu walipotawanyika, yule mzee mkwe alikuja kuketi nasi penye moto. Umri wake ni miaka 80 na zaidi, mwembamba, na kila asubuhi huenda shambani mwake mwenyewe. Akatuambia: “Maalim, hukula chochote.” Tukamjibu kwamba hatuna hamu. Akasema: “Leo huna. Kesho hamu itarudi. Je, ulikwisha kujaribu kupungua?” Tukamwambia kwamba tulijaribu mara tatu. Akataka kuzijua zote, nasi tukamhesabia.

Mara ya kwanza ni daktari aliyetupima shinikizo la damu akatuonya kwamba tukiendelea hivi hatutafika mbali. Tuliogopa sana. Tuliacha nyama na sukari kwa muda wa siku 40. Vidonge vikateremsha shinikizo, na hofu nayo ikateremka, na sinia likarejea mahali pake.

Mara ya pili tuliwapeleka wanafunzi kukiona kile kimondo mashuhuri cha Mbozi, kilichopo Ndolezi katika mteremko wa kilima cha Marengi. Ni bonge la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, urefu wake kama mita 3 na uzito wake wakadiriwa kuwa tani 16. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini hakuna awezaye kukiondoa. Kabla hatujajibu, mwenzake aliyetuona tukihema kwa kupanda mteremko mdogo ule alimnong'oneza jambo, na kicheko kikaenea safu nzima. Tuliona haya, na kwa majuma mawili tulikwenda madrasa kwa miguu. Kisha watoto wakasahau, nasi tukasahau.

Mara ya tatu ilikuwa Desemba 2016, wakati Bi. Samia Suluhu Hassan, ambaye siku hizo alikuwa Makamu wa Rais, alipowahimiza wananchi wafanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi ili kujikinga na maradhi yasiyoambukiza. Wito ule ulikuwa mwema. Tulitoka mwezi wa kwanza, tukatoka wa pili. Wa tatu mvua ilinyesha. Upungufu haukuwa wa wito, ulikuwa wetu.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: “Safari ya kwanza ilikuwa ya daktari. Ya pili ilikuwa ya watoto. Ya tatu ilikuwa ya serikali. Yako wewe iko wapi?” Hatukuwa na jibu. Tukamwuliza yeye hupata wapi nguvu ya kwenda shamba kila siku kwa umri ule. Akacheka kidogo, akasema: “Mimi siendi kwa ajili ya mwili, mwanangu. Naenda kwa sababu kahawa yangu inaningoja.”

Tulilala tukilifikiri neno hilo. Na kabla ya adhana ya alfajiri tulikuwa tumelijua letu. Hatukutaka wembamba, wala kusifiwa. Tulitaka kuwa mtu awezaye kuteremka. Siku nyingine msiba utakapofika katika nyumba yetu, au mzazi atakapohitaji kubebwa, au mjukuu atakapotaka kuinuliwa, mwili huu usiwe kizuizi baina yetu na haki tunayodaiwa. Basi hiyo ikawa nia yetu, na tuliitia moyoni asubuhi ile kabla ya kunywa chai.

Ndugu wasomaji, tuliporejea Tunduma tulimwendea kijana mmoja tuliyemfundisha Juzuu Amma, ambaye sasa ni mwuguzi, tukamwomba atueleze wataalamu wasemavyo. Tulistaajabu kwa mengi.

Kwanza, tatizo lenyewe limekua mbele ya macho yetu. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kutangazwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba wenye ugonjwa wa sukari hawakutimia hata mtu 1 katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012, kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kiasi cha watu 9 katika 100. Vipimo vya nyakati hizo mbili havikuwa sawasawa, wala vijiji si sawa na nchi nzima, lakini njia tunakoelekea yaonekana wazi. Na kwa upande wa mama zetu na dada zetu, uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Basi si kweli kwamba haya ni maradhi ya Wazungu au ya matajiri peke yao.

Pili, dawa yake si kubwa kama tulivyodhani. Huko Marekani watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, ila bado hawajawa wagonjwa, walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Wale waliowekewa lengo la kupunguza sehemu 7 katika 100 za uzito wao, na kufanya mazoezi kama ya kutembea kwa dakika 150 kila juma, walipungukiwa na khatari ya kupata ugonjwa wa sukari kwa asilimia 58. Tukapiga hesabu. Robo saa kwenda madrasa na robo saa kurudi, kwa siku tano, ni dakika 150 kamili! Miaka yote ile tulikuwa tukimlipa mtu wa bodaboda atuondolee dawa yetu.

Tatu, na hili ndilo lililotugusa zaidi, kijana yule alitueleza habari za wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliowachunguza watu wanene waliojiunga na mpango wa kupunguza uzito kwa miezi 6. Mwaka 1996 waliandika kwamba wale ambao sababu yao ilitoka ndani yao wenyewe, kwa kuliona jambo kuwa ni lao na lina maana kwao, walihudhuria zaidi, walipungua zaidi, na karibu miaka miwili baadaye walikuwa wameuhifadhi upungufu wao kuliko wale waliosukumwa na watu wengine au na lawama. Tulipoyasikia hayo tulimkumbuka mzee wa Hasamba penye moto wake, ambaye hakusoma Rochester wala mahali pengine.

Na lau tungalikuwa wasikivu, tusingalihitaji kwenda mbali. Jambo la mwanzo tuwafundishalo watoto ni kwamba amali hutegemea nia. Mtu huweza kuinama na kusujudu, lakini bila ya nia hiyo si sala, ni kujinyoosha viungo. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alitufundisha kwamba mwanadamu hajazi chombo kibaya kuliko tumbo lake, na kwamba ikiwa hana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Aaraf ametuamrisha tule na tunywe, na akatukataza kupita kiasi. Sisi tuliyasomesha haya kwa miaka 20 huku tumekaa juu ya kiti, kwa sababu kukaa chini kulitushinda.

Nia peke yake, hata hivyo, haitembei, yataka miguu. Tulianza kwa mambo matatu tu. Kwanza, kwenda madrasa na kurudi kwa miguu. Pili, kuondoa sukari katika chai, kijiko kimoja kila juma mpaka ikaisha. Tatu, kupakuliwa chakula mara moja katika sahani yetu, ugali kwa kiasi na mboga kwa wingi, kisha kuondoka penye sinia kabla mazungumzo hayajaturudisha kulila. Mama watoto wetu alitusaidia sana. Hakutunyima wala hakutusimanga, aliacha tu kutuuliza, “Nikuongeze?”

Na kila alfajiri tuliirudia nia yetu, maana tuliona kwamba nia ya jana huchakaa. Siku ambazo hatukuirudia, tulijikuta penye chipsi baada ya Isha bila ya kujua tumefikaje.

Msidhani kwamba tulishinda moja kwa moja. Mwezi wa Ramadhani, mwezi wa kujizuia, tuliongezeka kilo 2! Tulifunga mchana, na usiku tukalipiza kwa sambusa, kaimati na uji wa sukari. Tuliona haya kuliko siku ya kimondo, lakini safari hii hatukuacha. Sababu ya kutoacha ni kwamba haikuwa tena ahadi ya mtu mwingine, hata tuseme mwenyewe hayupo, tupumzike. Baada ya miezi 14 tulikuwa kilo 98. Daktari angependa tupungue zaidi, nasi twaendelea inshallah.

Mwaka uliofuata tulikwenda tena Hasamba kumzuru kaka yetu. Tulishuka Vwawa tukaenda kwa miguu, polepole, tukipumzika mara mbili. Watu wa pikipiki walitupita, na safari hii vumbi lilikuwa letu. Tulipanda mwinuko ule kati ya mibuni, tukang'oa magugu kaburini kwa mikono yetu, tukaomba dua, na tukasali Alasiri nyumbani kwa marehemu tukiwa tumekaa chini ya mkeka, bila ya kiti. Yule mzee alitutazama akasema tu, “Maalim, sasa njoo unisaidie kuchuma.” Tukachuma naye mpaka jua lilipozama. Hatujaitwa tena kuteremka kaburini, wala hatuliombi jambo hilo. Lakini likitufika, twataraji hatutaambiwa tuwaachie vijana.

Enyi vijana wetu, na ninyi wazazi, twawausia machache. Msimcheke mtu kwa unene wake. Mwenyezi Mungu amekataza watu kudharauliana, na wako walio wanene kwa maradhi, au kwa dawa watumiazo, au kwa maumbile ya ukoo wao. Na kicheko hakijampunguza mtu hata ratili moja. Mgonjwa wa sukari atumiaye dawa asibadili chakula chake wala asifunge kabla ya kushauriana na daktari wake. Na yeyote atakaye kupungua, asianze kwa kuuliza ale nini. Ajiulize kwanza: ni nani au ni nini kinachoningoja, ambacho mwili huu wanizuia nisikifikie? Mwingine ataona ni sala yake, mwingine watoto wake, mwingine shamba, mwingine Hija aliyoinuia na mizunguko yake ya miguu. Akikipata, akishike, akirudie kila alfajiri, kisha achague jambo moja dogo alifanye siku hiyo hiyo.

Mwili ni amana, nasi tutaulizwa juu yake. Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yetu, awarehemu maiti wetu wote, awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie nia zilizo njema na viungo vyenye kuzitii nia hizo. Amin.